Mshahara wa Hakimu wa Baraza Dogo

Yako mambo ya mji yanayosemwa kwa sauti, na yako yanayosemwa kwa kunong'ona. Hukumu ya hakimu husemwa kwa sauti: kwamba imenyoka au imepinda, kwamba leo amesema vema au ameteleza. Bali mshahara wake hunong'onwa tu, na mara nyingi hautajwi kabisa. Ni wachache waulizao: Mtu huyu anakula nini? Nyumba alalamo ni ya nani? Atokapo barazani adhuhuri, huenda kupumzika, au huenda kutafuta riziki asiyopewa na kazi yake? Nami naona maswali haya si ya udaku. Yamefungamana na haki yenyewe kama mchi na kinu, wala huwezi kutwanga kwa kimoja.

Hakimu nimtajaye hapa si jaji mkubwa akaaye mji mkuu. Ni yule wa chini kabisa, aliye karibu na watu. Katika Tanzania ya leo baraza lake huitwa Mahakama ya Mwanzo, na jina hilo ni jema, maana ndio mlango wa kwanza aufikao mtu wa kawaida. Mbele yake huja shauri la ng'ombe waliokula mahindi ya jirani, la deni la dukani, la mjane agombeaye urithi na ndugu za marehemu, la mke aliyepigwa, la kijana aliyeshikwa na kuku asiye wake. Mashauri hayo ni madogo katika vitabu vya serikali, lakini si madogo kwa wenyewe. Mtu mwenye ng'ombe mmoja akinyang'anywa huyo mmoja, amenyang'anywa mali yake yote. Tena wengi hawana nauli wala nafasi ya kukata rufani. Kwao mlango wa kwanza ndio wa mwisho.

Juu ya malipo ya hakimu huyu nimesikia rai mbili. Ya kwanza yasema: Kuhukumu ni kazi ya heshima, na heshima ndiyo malipo, mwenye kuhesabu fedha asishike mizani ya haki. Ya pili yasema: Mpeni hakimu fedha nyingi, ashibe, na rushwa itakoma siku hiyohiyo. Rai ya kwanza hupendwa na watoao fedha, na ya pili hupendwa na wazipokeao. Kila moja ina kweli ndani yake, wala hapana iliyo kweli yote. Basi tusizishike wala tusizitupe mpaka tumetazama njia ambazo watu wamewahi kuzitumia kumlisha hakimu, na matunda ya kila njia.

Njia ya kwanza ni kutomlipa kitu. Huko Uingereza kwa karne nyingi mahakimu wa wilaya walikuwa matajiri wenye mashamba, nao walihukumu bila mshahara. Ilionekana kuwa ni jambo la fahari, na kweli wako waliofanya kazi hiyo kwa moyo safi. Lakini tazama lililofuata. Asiye na shamba hakuweza kuwa hakimu, maana angekufa njaa; kwa hiyo kiti cha haki kikawa cha watu wa namna moja. Maskini aliyetega sungura katika msitu wa tajiri alipelekwa mbele ya tajiri mwingine mwenye msitu wake. Sisi tuna usemi wa kesi ya nyani kupelekewa ngedere, na huo ndio mfano wake. Hata leo nchi hiyo inao mahakimu wasio na mshahara, ila mambo yamegeuka: huchaguliwa katika watu wa kazi mbalimbali, hukaa zaidi ya mmoja pamoja na mshauri ajuaye sheria, hurudishiwa gharama zao, na kila mmoja hukaa siku chache tu katika mwaka. Huweza hivyo kwa kuwa riziki yao iko mahali pengine. Bali hakimu wetu, aketiye kitini mwezi hata mwezi, ukimnyima mshahara umemwambia kwa kinywa kilichofungwa: Nenda katafute mwenyewe.

Njia ya pili ni hakimu kula kutoka kwa wale wanaokuja mbele yake. Hii si ngeni kwetu. Zamani katika nchi nyingi za bara mtawala hakujua mshahara. Alilimiwa shamba, aliletewa sehemu ya mavuno na ya mawindo, na shauri lilipokwisha huenda mnyama aliyetozwa mkosaji akachinjwa, na wazee waliosikiliza wakala. Wala tusiidharau desturi hiyo kwa haraka. Nyama ililiwa mchana, mbele ya watu. Kila mtu alijua mnyama ni wa nani na ametolewa kwa nini. Lakini wazee wale wale waliacha usemi kwamba mkono mtupu haulambwi, nao hawakuusema bure. Mtu aliyefika barazani na mbuzi alisikilizwa leo, na aliyefika na mikono mitupu aliambiwa arudi kesho.

Wako watu wadhanio kwamba tabia hii ni ya Waafrika tu. Sivyo. Katika mji wa London, karne ya kumi na nane, walikuwako mahakimu walioishi kwa ada ndogondogo za mashauri: ada ya hati ya kumkamata mtu, ada ya kumwachia kwa dhamana, na kadhalika. Watu wakawaita mahakimu wafanyao biashara. Faida yao ilitoka katika ugomvi. Kadiri watu walivyogombana ndivyo chungu cha hakimu kilivyochemka. Kwa nini basi awapatanishe? Henry Fielding, mtunzi wa hadithi aliyekuwa hakimu katika mtaa wa Bow Street, aliandika kabla ya kufa kwake mwaka 1754 kwamba mmoja aliyemtangulia alijisifu kupata paundi 1,000 kwa mwaka katika kazi hiyo. Yeye Fielding, kwa kupatanisha wagombanao na kwa kukataa kumtoza maskini shilingi yake ya mwisho, aliyashusha mapato ya kazi yake kutoka kama paundi 500 hata kuzidi 300 kidogo tu, na sehemu kubwa ya hizo ikabaki kwa karani wake. Fikirini jambo hili, ndugu wasomaji. Utaratibu ule ulimpa mtu mwema hasara kwa wema wake, na ukampa mtu mbaya faida kwa ubaya wake. Mwaka 1792 Bunge likatengeneza mambo: zikawekwa ofisi saba, kila moja mahakimu watatu, kila hakimu mshahara wa paundi 400 kwa mwaka, na ada zote zikaingia katika mfuko mmoja wala si katika mfuko wa hakimu.

Njia ya tatu ni mbaya kuliko ya pili, nayo ni kumlipa hakimu kutoka katika faini. Mfano wake ulio wazi ni wa Marekani, katika jimbo la Ohio. Ilikuwa zamani za sheria ya kukataza vileo. Katika kijiji cha North College Hill, meya wa kijiji ndiye aliyekuwa hakimu. Kama mshitakiwa alishindwa, meya alipata gharama zake. Kama mshitakiwa aliachiwa, meya hakupata kitu. Mtu mmoja aitwaye Tumey akashitakiwa kwa kuwa na pombe, akatozwa dola 100, na katika shauri hilo moja meya akapata dola 12. Kwa mashauri ya vileo tu, tangu Mei 11 hata Desemba 31 mwaka 1923, meya alipata dola 696 na senti 35, zaidi ya mshahara wake wa kawaida. Tumey akakata rufani mpaka Mahakama ya Juu ya nchi. Mwaka 1927 majaji wote wakakubaliana, na Jaji Mkuu Taft akaandika hukumu yao, kwamba shauri lile halikuwa halali. Nao hawakusema kwamba Tumey hakuwa na hatia. Walisema kwamba, hata kama ushahidi juu yake ulikuwa mzito namna gani, alikuwa na haki ya kuhukumiwa na mtu asiyepata faida kwa kushindwa kwake.

Neno hilo ni la kukumbukwa. Twazoea kudhani kwamba haki ni hukumu iliyo sawa basi. Lakini hukumu iliyo sawa, ikitoka kinywani mwa mtu aliyelipwa ili iwe hivyo, haiwezi kumtuliza aliyeshindwa. Atakwenda kwake akihesabu zile dola 12, na jirani zake watazihesabu pamoja naye. Na mwaka 1972 Mahakama ile ile ikaendelea mbele zaidi. Katika kijiji kingine cha Ohio, Monroeville, faini hazikuingia mfukoni mwa meya, ila ziliingia katika hazina ya kijiji, nazo zilikuwa sehemu kubwa ya mapato yake. Na meya ndiye aliyekuwa mlinzi wa hazina hiyo. Mahakama ikasema kwamba hata hivyo haifai. Maana mtu aweza kupindishwa na njaa ya nyumba yake, na aweza pia kupindishwa na njaa ya kijiji chake.

Njia ya nne ni kumlipa hakimu kutoka katika hazina ya watu wote, mshahara unaojulikana, wala usiozidi wala kupungua kwa ajili ya hukumu yoyote. Hii nayo si mali ya Wazungu peke yao. Walimu wa sheria ya Kiislamu, waliofuatwa na makadhi wa pwani yetu, walifundisha tangu kale kwamba kadhi alishwe na Beit el Mal, na asipokee zawadi kwa mtu mwenye shauri mbele yake. Hata zawadi ya rafiki waliiangalia: yule aliyezoea kumpa kabla hajawa kadhi, naye hana shauri, huyo wengi walimruhusu, bali aliyeanza kumpenda baada ya kupata kiti walimkataa. Na katika barua inayotajwa kuwa Ali bin Abi Talib alimwandikia liwali wake Malik al-Ashtar, limo shauri la kumpa kadhi riziki ya kutosha hata udhuru wake uondoke, asiwe mwenye kuhitaji watu. Angalieni busara yake: riziki haikutajwa kuwa zawadi ya wema wa kadhi, ilitajwa kuwa dawa ya udhuru wake.

Katika Tanganyika njia hii ilianza kuwekwa katika miaka ya utawala wa Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925. Ilitoka sheria ya watawala wa kienyeji mwaka 1926, na sheria ya mahakama za kienyeji mwaka 1929. Yale mavuno na vipawa ambavyo watu walimpelekea mtawala vikageuzwa kuwa fedha ndani ya kodi. Zikawekwa hazina za wenyeji. Ada na faini za baraza zikaingia humo. Na mtawala akapata mshahara wenye kiasi. Hatua hiyo ilikuwa njema, maana mbuzi wa mdai hakuwa tena chakula cha hakimu kwa halali. Lakini ilibaki kasoro kubwa. Mtu mmoja alikuwa mtawala, na mtoza kodi, na hakimu pia. Mshahara wake ulikuwa wa utawala, na kuhukumu kulikuwa kama nyongeza. Rufani zake zilikwenda kwa Bwana Shauri, kisha kwa Bwana wa Jimbo, kisha kwa Gavana, nao ndio walioweza kumpandisha au kumshusha. Raia aliyegombana na mtawala wake juu ya kodi aende kwa hakimu gani? Kasoro hiyo iliondolewa baada ya uhuru: mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka huo ikaziunganisha mahakama za nchi katika ngazi moja, tangu Mahakama ya Mwanzo hata Mahakama Kuu. Tangu hapo hakimu wa chini amekuwa hakimu tu.

Basi tumekwisha jua mshahara utoke wapi. Swali lililobaki ndilo gumu: uwe kiasi gani? Siwezi kutaja shilingi, kwa kuwa shilingi ya leo si ya kesho, na bei ya unga mjini si bei ya unga shambani. Lakini naweza kutaja kipimo. Nasema hakimu alipwe kiasi cha kuishi yeye na nyumba yake, mahali pale pale alipowekwa, pasipo kuwa mdeni wa mtu yeyote aliye chini ya hukumu yake.

Tuyaangalie maneno hayo, maana yana mambo ndani yake. Hakimu hawekwi kwao. Hupelekwa ugenini, naye akifika hutafuta nyumba. Kama serikali haikumpa nyumba, atapanga kwa mtu. Na mtu mwenye nyumba nzuri ya kupangisha katika mji mdogo ndiye huyo huyo mwenye mashamba, mwenye duka, mwenye wadeni wengi. Mwezi ukifika na mshahara haujafika, hakimu atamwambia mwenye nyumba: Nivumilie. Naye atamvumilia kwa furaha, na uvumilivu huo atauweka akiba. Atakwenda dukani kuchukua sukari na mafuta, na jina lake litaandikwa katika daftari la mwenye duka. Siku moja mwenye duka atakuja barazani kumdai mkulima. Hapana rushwa iliyotolewa; hapana neno baya lililosemwa; lakini mkulima akiinua macho anaona mdai na hakimu wamefungwa na daftari moja. Au tuseme hakimu amepewa mahakama mbili zilizo mbali, naye hana chombo wala nauli. Atapanda gari la mtu. Na mwenye gari, je, hatakuwa na shauri hata siku moja?

Kwa hiyo nyumba na nauli si starehe ya hakimu. Ni sehemu ya haki ya mkulima yule. Na wakati wa malipo una uzito kama kiasi chake. Mshahara mdogo ufikao siku yake humponya mtu kuliko mshahara mkubwa uchelewao, kwa sababu deni huzaliwa katika kuchelewa. Tena na kiasi kimtoshe hata asiwe na biashara nyingine mahali pale. Hakimu mwenye duka ana washindani, mwenye ng'ombe wengi ana majirani wa malisho, na mwenye kukopesha ana wadeni. Nao wote watasimama mbele yake siku moja.

Jambo jingine ni usalama wa mshahara wenyewe. Wenye hekima waliona mapema kwamba ashikaye chakula cha mtu ameshika na ulimi wake. Kwa hiyo Waingereza katika sheria yao ya mwaka 1701 waliagiza kwamba mishahara ya majaji iwe imewekwa na kujulikana, wala majaji wasiondolewe kwa kupenda kwa mfalme. Wamarekani katika Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 walikataza kupunguza malipo ya majaji wa taifa maadamu wako kazini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yakataza kugeuza malipo ya jaji kwa hasara yake. Yote ni mema. Lakini tazameni yamemtaja nani: yamemtaja jaji. Ngao imetengenezwa kwa ajili ya aliye juu, mwenye elimu kubwa na jina kubwa, ambaye mtu wa kijijini haonani naye. Hakimu wa baraza dogo, aliye karibu na majaribu kila siku, mara nyingi huhesabiwa kama mtumishi mwingine wa kawaida. Kama ngao ni kwa ajili ya vita, na ipelekwe panapopigwa mishale.

Sasa nisikilize na wapingao. Mmoja atasema: Wewe ni mwalimu, mwalimu naye analipwa kidogo, na mganga wa zahanati vivyo hivyo, je, hakimu ana tumbo kubwa kuliko lao? Swali hili ni la haki, na jibu langu ni hili. Hakimu hana ubora kuliko mwalimu, wala kazi yake si ngumu kuliko kufundisha watoto sitini katika chumba kimoja. Kama mshahara ungekuwa sifa ya jasho, mkulima angetupita sote. Lakini tofauti iko katika jambo moja. Mwalimu akiwa na njaa atafundisha vibaya, na hilo ni baya. Bali hakimu akiwa na njaa, mali ya mtu mmoja huhamia kwa mtu mwingine, na muhuri wa serikali hupigwa juu yake. Hatumlipi hakimu kwa ajili yake. Twamlipa kwa ajili ya yule aliyesimama mbele yake asiye na kitu cha kumpa.

Mwingine atasema: Mwenye tamaa hashibi, mpe elfu atataka elfu mbili. Huyu naye amesema kweli. Mwaka 1996 tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa taarifa yake juu ya rushwa katika Tanzania, nayo ilitofautisha watu wa namna mbili: wale wapokeao kwa sababu kipato chao hakiwatoshi kuishi, na wale wakubwa wapokeao kwa tamaa tu, hali wanacho. Tofauti hiyo yafaa kushikwa na kila mtu. Mshahara wa haki huponya ugonjwa wa kwanza. Ugonjwa wa pili hauponywi kwa mshahara, dawa yake ni sheria na adhabu. Lakini angalieni namna moja inavyomsaidia mwenzake. Hakimu mwenye njaa akipokea, watu humwonea huruma, na mwenye tamaa hujificha nyuma ya huruma hiyo. Mlipe hakimu riziki ya kutosha, kisha akipokea, hana tena pa kujificha. Mshahara hauleti uaminifu, huondoa udhuru. Na udhuru ukiisha ondoka, yule aliye mwaminifu huonekana, na asiye mwaminifu huonekana pia.

Tena uko mpaka wa juu. Fedha za hazina hazikuota msituni. Zimetoka katika kahawa ya mtu, na pamba ya mtu, na ushuru wa soko la mama auzaye mchicha. Mwaka 1966 Rais Nyerere, alipoona wasomi wanadai makubwa katika nchi maskini, alijipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likakataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kuna watu wasifuo siasa ile na wailaumuo, nami sitaki kuamua neno hilo hapa. Ila jambo moja ni kweli kwa hakimu katika siasa yoyote: akiinuliwa mno juu ya watu, hatawajua tena. Asiyejua bei ya pishi ya mahindi atapimaje hasara ya mahindi yaliyoliwa na ng'ombe? Basi asiwe mdeni wao, wala asiwe mgeni kwao.

Nani aweke kiasi hicho? Si hakimu mwenyewe, kwa kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Si matajiri wa mji, wajapojitolea kumjengea nyumba kwa nia njema, kwa kuwa watakuja na mashauri yao. Wala si mtawala peke yake, kwa kuwa serikali nayo huwa mshitaki barazani kila siku. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliweka tume maalumu iangaliayo mishahara ya viongozi wa serikali, majaji wakiwamo. Namna ya tume hiyo yaweza kubishaniwa, ila shina lake ni jema: kiasi kiwekwe na watu wasio na shauri, baada ya kuwasikia wenye hazina na wenye kazi, na kitangazwe hata mzee wa kijiji akijue. Siri ya mshahara humdhuru hakimu mwaminifu kuliko wote, maana akinunua baiskeli watu husema ni ya rushwa, naye hana la kuwaonyesha.

Wala tusimsahau karani wa baraza, na tarishi wake, na wale wazee washauri wakaao na hakimu. Karani ndiye ashikaye majalada. Hakimu aweza kuwa mnyofu kama mnazi, lakini kama karani ana njaa, jalada litapotea leo na kuonekana kesho, na mtu ataambiwa usemi ule wa kale, penye udhia penyeza rupia. Kumlipa hakimu vema na kumwacha karani wake na njaa ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Nami namaliza kwa kusema neno moja juu ya mtu ambaye hatumkumbuki katika hesabu hizi. Kila shauri lina mshindi na mshindwa. Mshindi haulizi hakimu analipwa nini. Ameridhika, na ataita hukumu ile haki hata kama ilinunuliwa. Mwenye kuuliza ni yule aliyeshindwa, arudiye kwake jioni kwa miguu, bila ng'ombe wake. Njiani atajiuliza: Je, nimeshindwa kwa sababu sikuwa na haki, au kwa sababu sikuwa na kitu? Kama aweza kujibu, ijapokuwa kwa uchungu, kwamba yule aliyemhukumu hakuwa na faida katika kushindwa kwake, wala hakuwa na deni kwa adui yake, basi atakula chakula chake na kulala, na kesho atamsalimu jirani yake. Kama hawezi kujibu hivyo, atatafuta haki mahali pengine, kwa panga au kwa mganga. Mtu huyo ndiye kipimo cha mshahara wa hakimu. Tukitaka kujua kama kiasi tulichoweka ni cha haki, tusimwulize hakimu kama kinamtosha. Tumwulize aliyeshindwa kama anaweza kuamini.